Nina digrii ya uhasibu ila raha yangu iko kwenye friji na AC. Niende mazima au nitulie?

Mhasibu wa Mbagala

Wakuu habari za saa hizi, wakubwa shikamooni.

Niende kwenye pointi. Mimi nina miaka 31, niko Dar, nimesoma uhasibu, nikasota mtaani kama wengine hadi nikapata kazi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, idara ya ankara na malipo. Siwezi kusema nalia njaa. Ila mshahara ukishapita kwenye kodi, NSSF na ile asilimia 15 ya bodi ya mikopo kinachobaki ni cha kodi ya nyumba, nauli, na kumtumia mama. Na kazi yenyewe wakuu, sijui niseme vipi, ni karatasi za leo zinafanana na za mwaka juzi.

Sasa haya mambo ya friji yaliingia kwa mlango wa nyuma kabisa. Mama mwenye nyumba wangu anauza juisi na barafu, friji lake likafa, akaja fundi akajaza gesi akachukua hela yake akaondoka, halikumaliza mwezi likafa tena, fundi yule yule akaja akajaza tena. Mimi kama mhasibu kichwa kikaanza kuuma, gesi haipungui kwenye mfumo uliofungwa, sasa inaenda wapi? Nikaanza kuangalia video YouTube usiku, kisha nikajiandikisha kozi fupi ya jioni VETA, chuo cha ufundi, mke wangu akidhani ni utani.

Nawaambia ukweli, ile siku nimepaka povu la sabuni kwenye mabomba ya lile friji kidogo kidogo na sponji, nikaona kwenye kona moja nyuma ya kompresa kipovu kinavimba, kinapasuka, kinavimba tena, sijawahi kujisikia hivyo ofisini hata siku moja. Tukachomea, tukavuta hewa yote na pampu ya vakyumu, tukajaza gesi kwa kupima kwenye mzani badala ya kukisia. Mama wa watu anauza barafu hadi leo.

Sasa hivi wikiendi simu haziishi. Mwezi wa joto hela ya fundi inasogelea mshahara kabisa. Shida ni mbili. Nina mke na mtoto mdogo, halafu mzee wangu nilipomgusia aliuliza swali moja tu, "Nilikuuzia ng'ombe usome uje uwe fundi?" Sikuwa na jibu.

Niandike barua ya kuacha kazi au nitulie? Waliowahi kuhama njia naombeni uzoefu, matusi pelekeni kwingine.

---

Kobe wa Kinondoni

Swali langu dogo mkuu, unafika Tegeta? Friji langu linapoza juu tu chini maziwa yanachacha. Ushauri nitakuja kutoa baada ya matengenezo 😂

---

Afisa Utumishi Mstaafu

Marahaba kijana.

Mimi nimekaa idara za utumishi muda mrefu na nimepokea barua nyingi za vijana wenye hasira za Ijumaa. Nikupe mambo ya karatasi kwa sababu humu watu watakupa moyo tu, na moyo haulipi kodi ya nyumba.

Kwanza, NSSF wana fao la kukosa ajira, linalipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, lakini ni kwa mtu aliyepoteza kazi, si aliyeacha kwa hiari yake. Ukiandika barua mwenyewe usiliweke kwenye hesabu zako. Unaweza kuendelea kuchangia kama mtu aliyejiajiri, na nakushauri uendelee, maana mafundi wengi niliowaona wakizeeka wamezeeka na spana mkononi. Pili, deni la bodi ya mikopo halifi kwa sababu umetoka kwenye pay slip. Mwajiri akiacha kukukata ni wewe unatakiwa uende ukapange nao jinsi ya kulipa. Afadhali ninyi wa sasa ile asilimia 6 ya kutunza thamani ilifutwa 2021, wenzenu waliotangulia deni lilikuwa linanenepa huku wanalala. Tatu, kwa anayelipwa kwa mwezi notisi ni siku 28, usiondoke kimya kimya ukaacha funguo kwa mlinzi. Dunia ndogo hii, bosi wako wa leo ana ofisi yenye AC.

Halafu hujatuambia jambo la msingi. Umesema mwezi wa joto hela inasogelea mshahara. Na Juni, Julai je? Dar ikipoa nani anakumbuka AC? Mimi nisingeandika barua yoyote mpaka nione msimu wa baridi mmoja mzima kwenye daftari lako. Wewe ni mhasibu, fanya uhasibu.

---

Likoni Boy

Salaam alekum ndugu zetu wa huko. Mimi ni jirani yenu, niko Mombasa, kazi yangu ni stima na AC kwenye mahoteli ya Diani, nilianza kama mtu wa mkono tu kwa binamu yangu baada ya kukosa karo ya chuo. Baadaye nikafanya trade test (mtihani wa ufundi) ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya kazi huku Kenya, gredi tatu, nikapanda pole pole, na leo meneja wa hoteli huniita "engineer" hata kama mimi mwenyewe huona haya.

Usiogope kwamba umejifunzia YouTube. Julius Yego wetu alijifunza kutupa mkuki kwa kuangalia video hizo hizo, na mwaka wa 2015 kule Beijing alitupa mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Kenya nzima ilikuwa inajua mbio tu, nani alikuwa anafikiria mkuki?

---

Bi Mkunga wa Hoja

@Likoni Boy nakupenda bure kaka yangu ila mifano ya mabingwa wa dunia inatupoteza. Walioangalia video za mkuki ni wengi, Yego ni mmoja. Ungemaliza na stori yako mwenyewe ingemsaidia zaidi mtoa mada, yako ndiyo inayofikika.

Mimi nilisomea ualimu, Historia na Kiswahili. Nikamaliza, nikaomba ajira, nikasubiri, nikaomba tena, nikaenda kujitolea shule moja ambako hela ya chaki nilikuwa natoa mfukoni. Shangazi yangu Arusha alikuwa anapangisha chumba kwa wageni, nikaenda kumsalimia tu, akakaa pale dada mmoja Mjerumani anataka kujifunza Kiswahili, shangazi akasema "huyu hapa mwalimu". Hivyo tu. Leo nafundisha wageni Kiswahili mtandaoni, na ndiyo kazi yangu, sina nyingine.

Nikuambie kinachonifurahisha? Darasani kwetu mtoto akisema "kitabu changu" hakuna anayeshangaa. Sasa chukua mtu mzima wa miaka hamsini yuko Hamburg, kila siku anasema "kitabu yangu", "mti yangu", unamrekebisha kwa upole, halafu siku moja anakuandikia meseji ndefu kuhusu mbwa wake aliyekufa na ngeli zote ziko sawa, unabaki unalia hujui unalilia mbwa au ngeli. Huo ualimu nilioambiwa umekosa ajira ndio ninaoufanya kila siku, ni madawati tu yamebadilika.

Ubaya wake nao nausema. Umeme ukikatika katikati ya somo mteja haelewi TANESCO ni nini. Desemba wanafunzi wote wanapotea kwenye Krismasi zao. Na mama yangu mpaka leo akiulizwa mwanao anafanya kazi wapi anasema "yupo yupo na kompyuta". Mzee wako mpe muda, wazee hawabishani na hela ya matibabu ikifika kwa wakati.

---

Fundi Mkongwe K/koo

Dogo mimi sijasoma sana nivumilie mwandiko. Niko kwenye baridi tangu watu wanatumia R12, gesi ya friji za zamani, nimeanza kushika tochi tu na kubeba mitungi kwa marehemu fundi wangu.

Swali lako umeliuliza kama vile kuna ofisi upande huu na ufundi upande ule halafu uruke. Nikuambie nilichokiona. Mafundi wengi hawafi njaa kwa kutojua kazi, wanakufa kwa karatasi. Kazi kubwa ni hoteli, benki, hospitali, mabucha yenye vyumba vya baridi, maghala ya samaki. Hawa hawataki fundi wa "nitumie kwa namba hii". Wanataka kotesheni iliyonyooka, namba ya mlipakodi (TIN), risiti ya mashine ya EFD, ratiba ya sevisi ya mwaka. Halafu wakikulipa wanakukata asilimia 5 ya malipo kama kodi ya zuio, yaani kodi yako wanayoipeleka TRA kwa niaba yako, na mimi nimeshuhudia mafundi wazima wanagombana na mhasibu wa hoteli wanadhani wameibiwa, hawajui kuna cheti chake unadai na kinahesabika kwenye kodi yako. Mimi mwenyewe nina kijana nampa hela kila mwezi aniandikie hizo karatasi. Wewe unazo kichwani bure halafu unasema umepoteza miaka chuo?

Lakini sasa upande wa spana usijidanganye maana friji la juisi ni shule ya chekechea. Gesi zimebadilika dogo. R22 ya AC za zamani inaondoka, ni ile mikataba ya kulinda tabaka la ozoni iliyoanzia Montreal 1987, na nchi zetu zinatakiwa ziwe zimeiacha karibu yote ifikapo 2030. Ikaja R410A, presha yake karibu mara moja na nusu ya R22, ukija na geji na mipira ya kizamani inakupasukia usoni. Sasa zinaingia AC za R32, na friji za nyumbani R600a, hiyo ni jamii moja na gesi ya kupikia, ndani ya friji inakaa gramu chache tu lakini ukiwasha tochi ya moto uchomee bila kuitoa yote na kufungua madirisha wewe na jiko la mwenye nyumba mtasimuliwa. Nimeona fundi ametiwa kwenye bajaji mkono umeungua kwa sababu hakusoma stika ya nyuma. SOMA STIKA. Kabla hujagusa kitu soma stika.

Kingine bodi za inverter, zile sakiti za kielektroniki za AC na friji za kisasa. Fundi wa zamani kama mimi akiona bodi anakimbia anamwambia mteja nunua mpya. Vijana mnaojua kusoma michoro na kutumia mita vizuri huko ndiko kwenye hela ya kesho. Kuhusu cheti, VETA wana ule mpango wa kurasimisha ujuzi, unapimwa kwa unachokijua tayari, mimi nilipata cheti uzeeni na ndicho kilichonipa tenda ya kwanza ya ofisi ya serikali.

Afisa hapo juu yuko sahihi kuhusu Juni na Julai. Dawa yake ni vyumba vya baridi na friji za mabucha, nyama haijui msimu. AC peke yake utalala njaa.

---

Mhasibu wa Mbagala

Wakuu mmeniheshimisha. Nimesoma kila kitu, zingine mara mbili.

@Afisa Utumishi Mstaafu daftari ninalo ila nilikuwa naandika mapato tu, nauli na gesi na vifaa vilivyoharibika nilikuwa naviona vidogo, jana nimekaa nikaviweka vyote na ile "inasogelea mshahara" imerudi nyuma kidogo, haijafa lakini imerudi. Kwa hiyo barua siandiki sasa. Nitapita Juni na Julai hii nikiwa kazini halafu nitaongea na mke wangu kwa namba, yeye mwenyewe kasema anataka namba. Nimefikiria pia kumwomba bosi siku mbili za wiki nisiwepo mshahara upungue, sijui kama kuna mtu amewahi kufanikiwa kwenye hilo hapa bongo.

@Bi Mkunga wa Hoja hiyo ya matibabu imenigusa, mzee ana presha na kliniki yake ni ya kila mwezi.

@Fundi Mkongwe hiyo cheti cha kodi ya zuio nimecheka peke yangu kwenye daladala, ofisini mimi ndiye ninayeziandaa na huwa nawashangaa mafundi hawaji kuzichukua. Unaweza kunipokea Jumamosi hata kama ni kushika tochi tu? Chumba cha baridi sijawahi kufungua.

---

Afisa Utumishi Mstaafu

Siku mbili za wiki inawezekana, nimeidhinisha maombi ya hivyo zaidi ya mara moja. Omba kwa maandishi, eleza nani atafanya nini siku usipokuwepo, na sema ni ya majaribio. Bosi anaogopa kazi kulala kuliko anavyoogopa wewe kutokuwepo. Na usimdanganye kwamba unauguza mtu.

---

Fundi Mkongwe K/koo

Jumamosi saa moja asubuhi Buguruni, kuna bucha kubwa feni ya ndani inaganda barafu na mwenyewe anasema gesi imeisha. Mimi sidhani ni gesi. Njoo na geji zako na viatu vya kufunika vidole, ndala sitaki. Hela ya siku hiyo hupati ila supu ninakulipia. Na zile karatasi za zuio za ofisini kwenu nina mafundi wawili watatu nitawatuma wakudai Jumatatu.

---

Kobe wa Kinondoni

Kwa hiyo Tegeta ni Jumapili?