Naomba ushauri: kumjulisha mnunuzi haki ya kughairi
Ndugu wanachama, salaam. Ninauza mikoba mtandaoni kwa wateja wa nchi za Umoja wa Ulaya, ambako sheria humpa mnunuzi siku 14 tangu apokee bidhaa aghairi bila kutoa sababu, na muuzaji asipomjulisha, muda huo huongezeka kwa miezi 12. Maelezo nimeyaweka kwenye ukurasa wa masharti, ambao kwa kweli hausomwi na mtu, kisha nikayarudia katika baruapepe ya kuthibitisha oda. Kinachonitatiza ni mikoba ninayoitia jina la mteja, kwani bidhaa iliyotengenezwa kwa matakwa ya mnunuzi haina haki hiyo. Je, jambo hilo nilieleze wapi hasa kabla hajalipa? Na mteja akiagiza mikoba ya aina zote mbili kwa pamoja, fomu ya kughairi niiandikeje isimchanganye?