UZI: Tupeane uzoefu, ulianzaje PvP (kupigana na wachezaji wenzako) kwenye gemu za upanga na uchawi?

Podo la Mishale

Wakuu, heshima kwenu. Huu uzi nimeutamani siku nyingi. Tusimuliane tulivyoanza kupigana na wachezaji wenzetu, maana wageni wanaingia, wanachapwa mechi tatu, wanakimbia na hawarudi tena. Naanza mimi.

Nacheza World of Warcraft. Miaka ya mwanzo nilikuwa mtu wa mapangoni tu, kuua mazimwi na kukusanya silaha. Siku nilipoingia uwanja wa vita wa Arathi Basin nilijiona nimeiva: mavazi ya nguvu, mpangilio wa mashambulizi naujua kwa kichwa. Ramani hiyo ni 15 kwa 15, vituo viko vitano, na kila kituo mnachokishika kinawaingizia pointi. Wenzangu wakaniacha nilinde kituo kimoja, zizi la farasi, peke yangu.

Nimesimama mgongo umegusana na bendera kabisa. Uwanja mweupe, hakuna mtu. Mara mhusika wangu akaduwaa, kila kitufe ninachobonyeza hakifanyi kitu. Kumbe Rogue, yule mhusika anayejificha asionekane, alikuwa ananinyatia muda wote. Hakunipiga hata kofi. Alinipita, akaishika bendera na kuanza kuigeuza mbele ya macho yangu. Pale pigo moja, hata dogo vipi, lingemkatisha. Sikuweza kulitoa. Bendera ikawa yao, ndipo akanigeukia.

Kilichoniuma ni kwamba dawa ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa na medali ya kujinasua, ile inayokutoa kwenye hali kama hiyo mara moja kila dakika mbili, nami sikuwa nimeiweka kwenye kitufe chochote. Kwa mazimwi sikuwahi kuihitaji.

Tangu siku hiyo nina swali moja kila nikifa: nimekufaje? Gemu yenyewe inakuonyesha mapigo ya mwisho uliyopigwa. Nayasoma yote kabla sijafufuka. Ndani ya wiki mbili nikagundua nusu ya vifo vyangu vinatokana na kutumia medali mapema, kwenye kuduwazwa kwa kwanza kusiko na madhara, halafu kunakuja kule kwa pili kwenye mauaji yenyewe nikiwa mikono mitupu.

Haya, karibuni.

Nahodha wa Ukungu

Asante kwa uzi, mkuu. Mimi shule yangu ilikuwa Albion Online, na ada yake ni kali.

Kule ramani zina rangi. Ya bluu ni salama. Ya njano unaweza kuangushwa ila mzigo wako unabaki. Nyekundu na nyeusi ukifa umeacha kila ulichobeba, kuanzia kofia hadi farasi. Nilikuwa nimechimba madini jioni nzima kwenye nyekundu, ng'ombe wangu wa mizigo amejaa, nimebakiza ramani moja tu kufika mjini. Pembeni ya skrini kuna idadi ya maadui waliomo kwenye ramani. Nilipoingia ilisomeka sifuri. Baadaye ikawa nne. Niliiona, naapa niliiona, nikajisemea ngoja nimalizie jiwe hili moja.

Wanne wale hawakutumia hata nusu dakika.

Nilifunga gemu siku tatu. Niliporudi nilibadilisha kitu kimoja: nikanunua seti tano za vifaa vya bei ya chini, zote sawa, nikaziweka ghalani, nikaingia nyekundu kwa makusudi ya kupigana wala si kuchimba. Seti ya kwanza ikapotea, na ya pili vilevile. Ya tatu niliua mtu. Ukivaa kitu ambacho hakitakuuma kukipoteza, macho yanatulia na unaanza kuona adui anafanya nini. Nikiwa na vifaa vya thamani nilikuwa naangalia njia ya kutorokea tu.

Jani Kavu

Kwa anayeanza kabisa ningemwelekeza Guild Wars 2, nasema hivi kwa dhati. Ukiingia kwenye PvP yake rasmi, kila mtu anapandishwa hadi kiwango cha 80 na nguvu za vifaa zinasawazishwa. Aliyeanza juzi na aliyeanza 2012 gemu ilipotoka wanasimama sawa. Ukipigwa huna pa kusingizia vifaa, na hiyo imenifundisha haraka sana.

Mechi nyingi ni watano kwa watano, duara tatu za kushikilia, wa kwanza kufika pointi 500 anashinda. Kuua mtu kunaleta pointi 5 tu. Mimi sikulijua hilo, nikawa nakimbizana na mtu mmoja nje ya duara dakika nzima, namuua, nashangilia, kumbe duara zote tatu zimeshachukuliwa. Mwenzangu mmoja aliniandikia kwa upole: "Rudi simama kwenye duara." Maneno hayo manne yalinisaidia kuliko video zote nilizotazama.

Mama Ngao

Salaam kaka na dada zangu. Mimi ni mponyaji, na nimeanzia Cyrodiil, ramani ya vita kubwa kwenye The Elder Scrolls Online. Nawaomba wenye woga wasianze na pambano la mmoja kwa mmoja. Vita kubwa ina nafasi ya kila mtu. Unaruhusiwa kuingia kuanzia kiwango cha 10, nguvu zako zinapandishwa, na wa chini ya kiwango cha 50 wana uwanja wao wenyewe.

Siku ya kwanza sikumpiga mtu. Nilikuwa ndani ya ngome, mawe ya manati yanapiga ukuta, mimi naziba nyufa kwa vifaa vya ukarabati. Kazi hiyo nayo inalipa pointi. Kiongozi wa kikundi ana alama ya taji juu ya kichwa, nikaambiwa nisiliache taji hatua kumi. Nililifuata saa mbili. Kwa kulifuata tu nilijifunza wapi watu wanakimbilia, lini wanarudi nyuma, na kwa nini wanaomuua kwanza ni mponyaji. Sasa nikiona watu watatu wamenigeukia kwa pamoja, najua wamenitaja kwenye mazungumzo yao, na ninaondoka kabla ya pigo la kwanza.

Chipukizi77

Wakubwa shikamooni. Mimi nipo WoW (World of Warcraft), naogopa. Mikono inatetemeka mpaka nabonyeza vitufe visivyo. Hii inaisha? Na je, nikiwa kwenye kazi zangu za kawaida porini wanaweza kunivamia?

Podo la Mishale

Marahaba mdogo wangu. La porini ni rahisi: tangu 2018 kuna War Mode, hali ya kuvamiana porini, na inawashwa kwa hiari yako. Usiiwashe kwanza. Porini hakuna anayehesabu, watavamia watano kwa mmoja na hutajifunza lolote. Anzia kwenye viwanja vya vita.

Mikono, mimi ilitetemeka mwezi mzima. Ilipungua nilipojipa kazi ndogo. Leo usijipime kwa kuua. Medali iweke kwenye kitufe ambacho kidole kinakifikia bila kutazama. Linda kituo kimoja, usikae juu ya bendera kama mimi, simama mbali kidogo ila pigo lako liifikie, na uwe unazungusha kamera. Ukiona mtu anakuja, andika jina la kituo na idadi yao kabla hujarusha chochote. Ukishaanza kupigana hutapata nafasi ya kuandika.

Nahodha wa Ukungu

Naongezea: ukiduwazwa kwa mbinu za aina moja mfululizo, kila mara muda unapungua, mwisho hazikushiki. Kwa hiyo usihofu kwamba utashikiliwa milele. Hesabu tu.

Chipukizi77

Nimerudi. Nimelinda zizi. Niliwaona wanateremka kilimani, nikaandika "zizi, 3". Wa kwanza akaniduwaza, nikavumilia bila medali. Wa pili akaniduwaza huku mwenzake anaishika bendera, nikabonyeza medali, nikamtupia mshale mmoja, akakatika. Akajaribu tena, nikamkatisha tena. Nikafa hapo. Ila wenzangu wawili walikuwa wameshafika na bendera haikugeuka.

Mikono bado inatetemeka. Naingia nyingine.