Kuacha ajira ya TV na kufungua chaneli binafsi: nini kipangwe kabla ya barua?

Kalamu_Huru
Wakuu, heshima kwenu. Naomba tulijadili hili kwa hesabu, siyo kwa kutiana moyo. Mwandishi wa kituo cha TV hapa Dar, ajira ya kudumu, michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na bima ya afya vinalipwa. Anataka kuacha kazi afungue chaneli ya YouTube ya kueleza sheria za ardhi, mirathi na mikopo. Video mbili kwa wiki, dakika 12 kila moja. Akiba ni mishahara minne. Atoke vipi bila kupoteza haki zake, YouTube itaanza kumlipa lini, na je, leseni ya maudhui ya mtandaoni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) inamhusu? Vifaa vya kuanzia pia. Nawasilisha.

Siku28
Mkuu, aanze kusoma mkataba wake, hasa kifungu cha kazi za nje na kile cha hakimiliki. Kwa kawaida picha alizopiga akiwa kazini ni mali ya kituo, hata kama zimo kwenye simu yake. Asizitumie.

Kwa anayelipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28, na mkataba unaweza kudai zaidi. Wengi hukosea kwenye hesabu ya mafao. Ile siku 7 za mshahara kwa kila mwaka wa kazi, mwisho miaka 10, ni ya anayeachishwa. Anayeandika barua mwenyewe sheria haimpi. Fao la kukosa ajira la NSSF nalo halimgusi aliyejiuzulu. Kwa hiyo cha kutegemea ni mshahara hadi siku ya mwisho, malipo ya likizo ambayo hajachukua, na cheti cha utumishi. Hicho cheti akidai mapema, kabla HR hawajamsahau.

NSSF asiiache ife. Pensheni inataka michango ya miezi 180, basi ajiandikishe kama mchangiaji aliyejiajiri ili hesabu iendelee. Bima ya mwajiri inakatika, kwa hiyo miwani, meno na vipimo vya watoto vifanywe ndani ya notisi.

Hesabu_Kwanza
Mimi niseme wazi: akiba ya mishahara minne haitoshi.

Ili upate mgao wa matangazo, YouTube inataka wafuasi 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au mitazamo milioni 10 ya Shorts (video fupi) ndani ya siku 90. Shorts zinazotazamwa kwenye mkondo wake haziingii kwenye zile saa 4,000, na hapo ndipo watu wanapoteza miezi. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Mtazamaji akikaa dakika 4 kwenye video ya dakika 12, unahitaji mitazamo 60,000. Kwa mwaka mzima wa video 104 ni kama 580 kila moja, inawezekana. Kwa miezi minne, video 35, ni zaidi ya 1,700 kila moja, kwa chaneli ambayo haijulikani!

Ukishafuzu, ukaguzi unaweza kuchukua mwezi. Kisha hela haitoki mpaka ifike dola 100, na hulipwa kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata. Mgao wako ni asilimia 55 kwa video ndefu na 45 kwa Shorts.

Mapato yakifika dola 10, Google hutuma barua ya posta yenye PIN, namba ya kuthibitisha anwani yako. Waandishi wengi hutumia sanduku la posta la ofisi, wakishaacha kazi barua inalala huko. Muda wa miezi minne ukipita bila kuthibitisha, matangazo yanasimamishwa. Lipia sanduku lako sasa. Jina la AdSense (akaunti ya Google inayolipa hela za matangazo) lifanane herufi kwa herufi na la akaunti ya benki.

Fomu ya kodi ya Marekani ijazwe siku ileile. Usipoijaza unaweza kukatwa hadi asilimia 24 ya mapato yote. Ukiijaza, W-8BEN kwa mtu binafsi, makato yanagusa mapato ya watazamaji walioko Marekani tu, asilimia 30, maana Tanzania haina mkataba wa kodi nao. Ukiwa na ndugu wengi wa diaspora wanaokutazama, utaliona hilo kato.

Mhariri_Mstaafu
Kuhusu leseni. Mwaka 2018 ada ilikuwa milioni moja, baadaye ikashushwa hadi laki tano, na marekebisho ya 2022 yakaiacha leseni kwa wanaotoa habari na matukio. Kueleza mgawanyo wa mirathi ni elimu. Lakini siku ukikaa kuchambua kesi iliyosomwa jana mahakama ya Kisutu, umeingia kwenye habari. Amua mapema upo upande gani, kisha uliza TCRA kwa maandishi na utunze jibu.

Ukienda peke yako huna mhariri wala mwanasheria wa kituo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, kwa taarifa za uongo inaanzia faini ya milioni 5 au kifungo cha miaka mitatu, au vyote viwili. Tunza rekodi ghafi, na kumbukumbu ya simu na ujumbe ulipomtafuta anayetuhumiwa.

FundiMitambo
Vifaa: simu uliyonayo, stendi, na maiki ya kubana kwenye kola, shibiri moja chini ya kidevu. Fedha itangulie kwenye sauti. Mtu huvumilia picha hafifu, mwangwi wa chumba chenye vigae haumvumilii hata dakika moja. Tundika mablanketi nyuma ya kamera, zima feni, kilele cha sauti kiwe karibu na desibeli -12.

Umeme wetu ni hezi 50. Ukirekodi fremu 30 kwa sekunde chini ya taa za mirija, picha inapepesa. Weka fremu 25 na shata 1/50. Bando nalo lihesabiwe: dakika 12 za 1080p kwa megabiti 8 kwa sekunde ni kama MB 720 kwa kila video, kabla hujarudia iliyokwama njiani.

Kalamu_Huru
Shukrani wakuu. Je, aanze chaneli akiwa bado kazini, na vipi wadhamini?

Siku28
Akiruhusiwa kwa barua, ndiyo. Asitumie kompyuta, studio wala barua pepe ya ofisi, wala jina la kipindi chake.

Hesabu_Kwanza
Wadhamini ndio watakaomlisha mwaka wa kwanza. Nusu ilipwe kabla ya kurekodi, marekebisho yasizidi mawili, na muda wa mdhamini kutumia video uandikwe. Tangu Julai 2024 kampuni inamkata mtengeneza maudhui kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo yake. Adai cheti cha zuio kila mara, la sivyo TRA (mamlaka ya mapato) watamdai tena. Kampuni nyingi hazilipi bila risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi), hilo alimalize kabla ya kupeleka ankara.