Wenye printing Dar, tukilipia wino wa Pantone tuwekeeni Pantone, sio CMYK kimyakimya

Wakuu, leo nina hasira kwelikweli. Kuna jamaa wa printing Kariakoo, jina naliacha, nimempelekea kazi ya mteja, letahedi na bahasha, rangi mbili tu, nyeusi na chungwa la kampuni, na kwenye oda nimeandika wazi Pantone Orange 021 U, yaani wino maalumu wa rangi moja wenye namba yake, na hiyo U maana karatasi ni bondi haina gloss. Akasema sawa bosi ipo hiyo, advansi akala. Mzigo umekuja chungwa limefubaa kama tofali la kuchoma, nauliza naambiwa eti "hiyo skrini yako bro, kwenye kompyuta rangi huwa zinawaka".

Skrini yangu inahusikaje hapo? Nimempa namba ya wino, sijampa skrinishoti! Nikachukua lenzi nikaangalia, vidoti vya njano na majenta (pinki iliyokolea) vimejazana, yaani kapiga CMYK, zile wino nne za samawati, majenta, njano na nyeusi zinazojenga rangi nyingine kwa vidoti. Wino wa Pantone ukipigwa solidi, yaani umejaa wote, hauna vidoti, unalala mmoja karatasi nzima. Tena hiyo 021 hata kuchanganya haitaki, ni mojawapo ya wino za msingi za Pantone, unafungua kopo unaweka. Na anwani kule chini ndo imeharibika kabisa, maana chungwa la CMYK linajengwa na pleti mbili (mabamba ya kuchapia, kila wino na lake), zikipishana kidogo tu herufi ndogo zinaota kivuli pembeni, namba ya simu ya mteja mpaka ukodoe macho.

Sijasema CMYK mbaya jamani. Brosha ya mapicha, kalenda, majarida, hapo ndo kwake. Nakala mia za dijitali nazo naelewa, mashine nyingi za vile hazina pa kuweka wino wa pembeni kama huo wa Pantone. Ila chungwa linalowaka hivyo rangi nne hazilifikii hata fundi awe nani, na kila mwenye mashine ya ofseti analijua hilo.

Najua pia kinachowakwamisha, ni kuosha rola za mashine zinazopaka wino. Utoe wino uliomo, uoshe, uweke chungwa, ukimaliza uoshe tena, kwa kazi ndogo wanaona hailipi, au kazi yako inabanwa pleti moja na vipeperushi vya watu wengine ili karatasi isipotee. Sawa, ni biashara, sasa si useme?? Ningeongeza hela ya kuosha, au mteja aone sampo ya CMYK achague mwenyewe. Kuandika Pantone kwenye invoisi halafu unapiga kingine, huo ni wizi, sina neno jingine.

Mteja amegoma kupokea, jamaa kagoma kurudia, advansi harudishi, nahangaika mimi katikati.

Anayemjua mtu hapa Dar, iwe Kariakoo, Chang'ombe au Kurasini, anayeweka wino wenyewe na kukuonyesha sampo kwenye karatasi yako kabla hajaachia mashine, aniwekee hapa leo hii, bahasha zinatakiwa Ijumaa.