Tupeane uzoefu: biti inapong'ang'ania kipande kwenye drili ya mezani

Randa

Mafundi wa nyumbani, heshima kwenu. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu naona drili ya mezani inaaminiwa kuliko inavyostahili. Msumeno wa duara kila mtu anauogopa, maana una kelele na meno yake yako wazi. Drili inazunguka mahali pamoja, biti inashuka pale pale unapoielekeza, na mtu anajikuta ameshika kipande cha bati kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukivuta usukani wa kushushia. Kazi inakwenda vizuri hadi milimita ya mwisho.

Milimita hiyo ndiyo nataka tuizungumze. Biti ikiwa bado ndani ya chuma, ncha yake inasukumana na chuma na huwezi kuishusha haraka hata ukitaka. Ncha ikitokeza upande wa pili, ule ukinzani unakwisha ghafla. Kinachobaki ni ukingo mwembamba ambao haujakatwa, na mifereji ya biti inaupanda ukingo huo kama skrubu. Kipande kinanyanyuka kutoka mezani na kuanza kuzunguka pamoja na biti. Kwa mwendo wa mizunguko 1,300 kwa dakika, hiyo ni zaidi ya mizunguko 20 kila sekunde. Huwahi kuondoa mkono.

Kwenye karakana niliyojifunzia kazi niliona bati refu likichomoka hivyo. Lilikuwa limebanwa kwa klampu moja tu, nayo ikateleza. Bati likazunguka kidogo, likagonga nguzo ya mashine na kusimama hapo. Halikumgusa mtu kwa sababu mwalimu wetu alikuwa na sheria moja asiyoilegeza: upande mrefu wa kipande ulale kushoto, uiegemee nguzo. Ukiitazama biti kutoka juu, inazunguka kwa kufuata mshale wa saa. Kwa hiyo ikikamata, upande wa kushoto wa kipande unasukumwa kwenda nyuma, kwenye nguzo, na upande wa kulia ndio unaokujia wewe. Nguzo inazuia kabla kipande hakijapata mwendo. Tangu siku ile sijatoboa kitu kirefu bila kukiegemeza hapo, hata kama nimekibana kwa klampu mbili.

Karibuni. Umeona nini, na katika karakana yako umebadilisha nini?

Tupa

Asante kwa mada, mkuu. Mimi ni wa chuma zaidi, kwa hiyo niongezee hapo kwenye bati.

Bati jembamba ni gumu kulitoboa salama kuliko kipande kinene. Biti ya kawaida ina ncha yenye pembe ya nyuzi 118. Kwenye bati, ncha inatoka upande wa pili kabla makali ya pembeni hayajaingia vizuri, kwa hiyo biti haina kitu cha kuiongoza na tundu linakuwa na pembe tatu badala ya mviringo. Ninachofanya ni kuliweka bati katikati ya mbao mbili chakavu, nabana zote tatu pamoja mezani, halafu natoboa zote kwa mara moja. Ubao wa juu unaiongoza biti na wa chini unaupokea ule ukingo wa mwisho, kwa hiyo hakuna cha kupanda kwenye mifereji. Kwa matundu makubwa kwenye bati natumia biti ya ngazi, ile yenye umbo la pia, kwa sababu makali yake hayavuti kwenda chini.

Shaba ya manjano nayo ina tabia yake. Ni laini kukatika, mtu anadhani ni rahisi, kumbe biti kali inajizamisha yenyewe kama imevutwa. Mafundi wa zamani wanayasugua makali kidogo kwa jiwe la kunolea ili yakwangue badala ya kuchimba. Nina biti chache nilizozitengeneza hivyo, nimezipaka rangi ili zisichanganyike na nyingine, na sizitumii kwenye kitu kingine chochote.

Kuhusu mwendo: wengi wanaacha mkanda kwenye puli ile ile uliokutwa siku mashine inanunuliwa. Kanuni si ngumu. Chukua mwendo wa kukatia wa chuma husika kwa mita kwa dakika, zidisha kwa 320, gawanya kwa kipenyo cha biti kwa milimita, unapata mizunguko kwa dakika. Chuma laini cha kawaida na biti ya HSS (chuma kigumu cha kukatia kwa kasi) ni kama mita 25. Biti ya milimita 6 inakupa takriban 1,300, ya milimita 12 inakupa nusu yake. Chuma kisichoshika kutu punguza hadi nusu ya hapo na usiiache biti isugue bila kukata, maana kinakuwa kigumu zaidi kadiri unavyokisugua. Na unapohamisha mkanda, chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi vidole vikiwa katikati ya puli.

Mgeni wa Karakana

Samahani wakuu, mimi ndio naanza. Glavu je? Zile nyuzi za chuma zinazotoka kwenye biti zinakata sana, nimezoea kuvaa.

Bi Patasi

Mdogo wangu, zivue kabla hujawasha. Najua inaonekana kinyume, lakini ngozi ikiguswa na biti inachanika mahali pamoja. Glavu ikiguswa inajisokota kwenye biti na kuuvuta mkono mzima pamoja nayo. Glavu vaa wakati wa kubeba mabati, na wakati wa kusafisha mashine ikiwa imesimama kabisa. Zile nyuzi ziondoe kwa brashi. Na zikianza kuwa ndefu, legeza mkono kidogo halafu endelea, zitakatika zenyewe. Uzi mrefu unaozunguka na biti ni upanga.

Hayo hayo kwa nguo. Mimi ni mwanamke, nafunga nywele na mtandio, na nakaza vyote ndani ya kofia kabla sijasogea. Mikono ya nguo naikunja juu ya kiwiko. Pete, saa, mkufu, kamba ya kitambulisho, kamba za kofia ya jaketi, vyote vinabaki kwenye sanduku dogo mlangoni. Binti yangu mkubwa anafanya kazi nami siku nyingine na sanduku lile lina sehemu yake pia. Miwani ya kinga tu ndiyo tunayoivaa tukiingia.

Kwenye mbao hatari kubwa niliyoiona ni misumeno ya tundu. Ile ya milimita 50 na zaidi ina meno mengi yanayogusa mti kwa pamoja, na mtu akiiendesha kwa mwendo wa biti ndogo inaunguza mti na kukamata. Mashine naishusha hadi mwendo wa chini kabisa, ubao nimeubana, na kila baada ya kushuka kidogo naipandisha ili unga wa mbao utoke. Halafu ziko zile keke za mbao zenye skrubu nchani. Hizo zilitengenezwa kwa mkono wa mtu, skrubu ile inajivuta yenyewe ndani ya mti kwa kasi yake na si yako. Kwenye drili ya mezani siziweki kabisa.

Nyundo

Mawili tu. Ufunguo wa chaku, ile yenye taya zinazoishika biti, nilinunua wenye springi, ukiuachia unaruka nje wenyewe, kwa hiyo hauwezi kubaki pale mashine inawashwa. Na swichi: umeme ukikatika katikati ya kazi halafu ukarudi, mashine yenye swichi ya kawaida inaanza kuzunguka yenyewe, pengine wewe ukiwa unachungulia biti. Nimefunga ile swichi inayojizima umeme ukikatika na haiwaki hadi uibonyeze tena. Kama nyumbani kuna watoto, mashine nyingi zina swichi yenye kipande cha plastiki cha njano kinachochomoka. Kichomoe ukae nacho.

Msasa

Wakuu, kuna jambo halijatajwa. Kwenye mashine nyingi chaku haijafungwa kwa skrubu. Imekaa kwenye mhimili mchongoko, inashikwa na msuguano tu, na msuguano huo umetengenezwa kwa nguvu ya kusukuma kutoka juu kwenda chini. Ukiisukuma kwa pembeni, inalegea na kudondoka ikiwa bado inazunguka.

Nimeshuhudia kwa jirani aliyekuwa akitumia drili yake kusaga ukingo wa ubao kwa silinda ya msasa. Chaku ilianguka mezani, ikaruka hadi sakafuni na kutembea mpaka ukutani. Yeye alikuwa amesimama pembeni, hakuumia. Tangu hapo nikiiondoa chaku nafuta mchongoko wote, ndani na nje, kwa kitambaa kikavu, bila tone la mafuta, halafu narudisha kwa kugonga kwa nyundo ya mbao huku taya zimeingizwa ndani zisiharibike. Na kusaga kwa pembeni nafanyia kwenye mashine nyingine.

Randa

Msasa, hilo la chaku ni zito, asante sana. Niongeze kwamba drili hizi ni nzito kichwani kuliko miguuni. Ile ya mezani niliifunga kwa bolti nne kwenye meza ya kazi kabla sijaiwasha mara ya kwanza.

Na kipande kikishakamatwa, usikishike. Rudi nyuma, zima, subiri isimame. Chaku pia usiisimamishe kwa kiganja hata kama inazunguka polepole. Swichi yangu niliihamishia usawa wa goti ili niizime bila kupitisha mkono mbele ya biti.

Mgeni wa Karakana

Nimesikia, glavu zimekaa pembeni. Swali la mwisho: nina mabomba ya kutoboa matundu ya milimita 8 kupita kati kati. Jiliwa inayabana lakini biti inateleza pembeni.

Tupa

Bomba liweke kwenye kitalu (bonge la chuma) chenye mfereji wa V, na kitalu chenyewe ukibane mezani. Jiliwa pia ukiitumia ibane mezani, isikae huru. Piga alama kwa senta panchi (kile kijiti cha chuma chenye ncha kali), anza na biti fupi nene ya kuanzishia, ndipo uweke ya milimita 8. Kupata katikati, mashine ikiwa imezimwa, laza rula ndogo ya chuma juu ya bomba kwa upana, shusha ncha ya biti iiguse taratibu. Rula ikilala sawa, uko katikati. Ikiinama kushoto au kulia, sogeza kitalu kuelekea upande ulioinama, jaribu tena, ndipo ukaze klampu.