Roma: tunalipa euro zetu, halafu Afrika yote inarukwa. Hii si sawa!

Wakuu, habari zenu. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na zile nyuzi za ushauri wa safari. Haya ni malalamiko, na bado nina hasira.

Nimetoka Roma juzi. Mji ni mzuri, sibishi. Ukiingia Pantheon, lile hekalu la kale, ukainua macho kwenye lile tundu la paa, mwanga unashuka mpaka sakafuni, unaelewa kwa nini watu wanavuka bahari kwenda kutazama. Kilichonichefua ni matembezi ya kulipia. Tiketi ya kawaida ya Colosseum, ule uwanja wa kale wa mapigano, ni euro 18. Kampuni ikatutoza zaidi ya mara tatu ya hapo kwa kichwa, kwa maelezo kwamba tunapewa mtaalamu wa historia. Mtaalamu huyo alizunguka nasi asubuhi nzima na Afrika hakuitaja hata mara moja!

Mule Foro Romano, magofu ya kitovu cha mji wa kale, kuna tao kubwa la Septimius Severus, la mwaka 203. Huyu alikuwa Kaizari wa Roma, mzaliwa wa Leptis Magna, Libya ya leo. Mtu wa Afrika alitawala kuanzia Uingereza mpaka Syria! Sisi tukaambiwa hapo ni pazuri kwa picha, haya twendeni. Nikabaki nyuma nikitazama maandishi ya juu. Ukikaza macho kwenye mstari wa nne unaona matundu ya herufi za zamani chini ya maneno ya sasa. Palikuwa na jina la mwanawe Geta, likafutwa baada ya Caracalla, ndugu yake wa damu, kumuua. Kisa kama hicho unakirukaje?

Nguzo za granaiti za mbele ya Pantheon zilichongwa Misri zikasafirishwa kwa maji. Kimya. Ngano iliyolisha mji ule ilitoka Misri na Tunisia ya leo. Kimya. Wanyama wakali wa Colosseum tulisimuliwa sana, ila walikotolewa hatukuambiwa.

Lakini kilichoniuma kuliko vyote ni Porta Capena, jirani na Circo Massimo, uwanja wa kale wa mbio za farasi. Pale mbele ya jengo la FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ndipo uliposimama mnara wa Axum, mita 24, uliochukuliwa Ethiopia na kusimamishwa hapo mwaka 1937, enzi za Mussolini. Mwaka 1947 Italia ilisaini mkataba wa amani na kukubali kurudisha mali za Ethiopia. Mnara ulirudi 2005. Miaka 58! Gari letu likapita hapo hapo, jamaa anasimulia mbio za farasi. Nikamuuliza mwenyewe kuhusu mnara, akanijibu haumo kwenye ratiba. Haumo kwenye ratiba, na hela yangu mmekula?

Na nyie mnaoshukia stesheni ya Termini, uwanja wa mbele, Piazza dei Cinquecento, umepewa jina la askari 500 wa Italia waliopigwa na majeshi ya Ras Alula, jemadari wa Ethiopia, kule Dogali, Eritrea, Januari 1887. Mwafrika unakanyaga hapo na begi lako, hakuna anayekwambia.

Mwenye kumjua mwongoza watalii wa Roma anayeyaeleza haya, awe Mhabeshi, Msomali au Mwitaliano, aweke hapa. Mdogo wangu anakwenda mwezi wa tisa na sitaki atozwe kama nilivyotozwa mimi.