Mdogo wangu yuko Myawaddy, Myanmar, wanataka dola 4,000 ndo wamwachie. Tulipe?

dada_malindi
Habarini wenzangu, naomba ushauri na tafadhali msinikejeli. Mdogo wangu aliondoka mwezi wa nane, aliambiwa ni kazi ya kastoma kea Bangkok, mshahara dola 900, chakula na nyumba juu ya kampuni. Ajenti alikula laki mbili, mama aliuza ng'ombe wawili na mimi nikachukua mkopo wa chama. Intavyuu yenyewe ilikuwa kwa simu, walimpima tu anataipu kwa kasi gani na Kiingereza chake. Kufika eapoti akachukuliwa na gari, akaniandikia mbona twaenda masaa saba na Bangkok si ndo hapa tulipotua? Baada ya hapo kimya wiki tatu. Sasa hupiga usiku wa manane kwa sauti ya chini, yuko chooni maana nasikia maji. Asema amevushwa mto, yuko upande wa Myanmar, kazi yake ni kuwaandikia mapenzi wazee wa Marekani, na bosi ataka dola 4,000. Baba keshaita dalali wa shamba.

mzee_bandari
Pole, lakini tangu 2022 wizara ya mambo ya nje inatoa onyo hilihili na vijana hawasikii. Na hao wazee wanaoandikiwa wana machozi pia. Mimi nililizwa na "Sofia", mpenzi wa mtandaoni, akiba yangu yote ya kustaafu, sasa unataka nimwonee huruma Sofia?

nilirudi_salama
Mzee, mimi nilikuwa Sofia, sema jina langu lilikuwa Lina, mjane wa Singapore mwenye duka la maua. Mezani simu kumi na daftari. Siku nne za mwanzo hutaji pesa hata senti, unauliza tu amekula nini, amelalaje, mbwa wake anaitwaje, unaandika yote kwa daftari ili kesho usichanganye mbwa wa huyu na wa yule. Akitaka video kuna msichana ana chumba chake, ataongea dakika mbili kisha anasingizia netiwaki. Halafu unamwonyesha apu ya kutredi, anaweka dola 200, anaachiwa atoe 230 na zinafika benki kweli, hapo ndo anaingia mzimamzima. Wachina wenyewe wanasema unamnenepesha nguruwe kwanza, kuchinja baadaye. Tageti isipofika unachuchumaa mpaka miguu igome ama unapigwa na rungu la stima. Nilikuwa na mzee wa Texas, mkewe amekufa, alikuwa ananitumia picha za viazi alivyolima. Siku aliyosema anauza gari nikamwandikia usitume, kumbe supavaiza amesimama nyuma yangu anasoma. Meno haya mawili ya mbele ni ya kubandika.

Dada, kuhusu pesa. Jamaa tuliyelala naye kitanda cha juu na chini, wa Uganda, kwao walituma. Akatolewa geti moja akaingizwa geti lingine, kumbe ameshauzwa kwa kampuni ya pili, na huko deni lilianza upya. Mimi nilitoka baada ya Thailand kukata umeme, mafuta na intaneti ya miji ile ya mpakani Februari 2025. Kundi la kwanza lilivushwa watu 260, zaidi ya nusu Wahabeshi, sisi tulikaa nyuma wiki kadhaa tumelala chini kambini tukingoja tiketi ya ndege.

bi_kauthar
Shamba msiuze kwanza. Andikieni ubalozi wa Kenya ulioko Bangkok leo hii, jina kama lilivyo kwa paspoti, namba ya paspoti na picha. Kisha nendeni DCI, wale wapelelezi wa polisi, na shirika la HAART pale Nairobi, hao kazi yao ni kesi za watu waliosafirishwa na kuuzwa. Meseji za M-Pesa za ajenti msifute hata moja, hizo ndo zitamfunga. Wala usimpigie mdogo wako wewe, simu ikilia mikononi mwake ni kipigo, ngoja apige yeye.

nilirudi_salama
Na siku akivuka mto kuingia Mae Sot, mji wa Thailand wa mpakani, aseme alidanganywa kazi na akavushwa kwa nguvu, awaombe wamhoji kama mtu aliyeuzwa. Asiogope akaseme alikwenda kutembea, watamhesabia siku za viza alizopitisha, baht 500 kwa siku mpaka zifike 20,000.

mzee_bandari
Sofia naye aliniuliza paka wangu anaitwa nani. Nilidhani ananipenda.
Dada, nimekutumia inboksi namba ya mtu aliyenisaidia kuripoti.

dada_malindi
Shukran nyote. Alipiga jana, hata dakika mbili hazikufika. Nimemuuliza anaona nini dirishani, akasema mto, ukuta wenye waya juu na jengo la rangi ya chungwa. Hayo ndo nimetuma ubalozi asubuhi, wamejibu wamepokea. Dalali tumemwambia angoje. Baba amekubali kwa mdomo, lakini hati ya shamba iko mfukoni mwa kanzu yake, hata msikitini anakwenda nayo.